Ukikabidhiwa funguo za stoo: namna ya kulisha shule ndogo ya kutwa

Siku mkuu wa shule atakapokuita ofisini, akakusifia kidogo, kisha akasukuma funguo mbili juu ya meza, ujue umeshakuwa mwalimu wa chakula. Kazi hii hakuna aliyeisomea. Mimi nilisomea Bayolojia na Kemia, na mwaka wangu wa nne kazini hapa Moshi nikajikuta nabishana na dalali wa mahindi soko la Mbuyuni huku andalio la somo liko kwapani. Funguo hizo nimekaa nazo miaka saba sasa. Ninayoandika ni kwa ajili ya mwenzangu aliye kwenye shule kama yangu: ya kata, ya kutwa, wanafunzi 214, madarasa yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi enzi zile za MMES, mpango wa serikali wa kuendeleza elimu ya sekondari, na wazazi ambao wengi kipato chao hakivuki wiki.

Nikisema wazazi, namaanisha watu hawa. Wapagazi wa mlimani, ambao sisi tunawaita wagumu. Akina mama wa mitumba pale Memorial. Bodaboda. Vibarua wa miwa kwenye shamba la sukari la TPC. Mabibi wanaolea wajukuu Pasua na Njoro. Na mama lishe wa stendi, ambaye tangu alfajiri anapakulia abiria wa Dar es Salaam na Tanga, na mwanawe hali kitu mpaka jioni.

Usianze na sufuria

Mwaka wetu wa kwanza tulianza na kadi. Mzazi akishalipa, mtoto anapewa kadi ya kijani, na kila siku mpishi anaitoboa kwa msumari dirishani. Tulijiona wajanja sana. Kufika Machi, foleni ilikuwa imebaki nusu, na chakula kinatosha na kusazwa. Mkuu akafurahi kwamba stoo inashuka taratibu.

Jumatano moja nikiwa mwalimu wa zamu nilipita nyuma ya maabara wakati wa mapumziko ya mchana. Kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu, amekaa kwenye ukingo wa bomba, kitabu cha Jiografia amekifungua magotini. Kitabu kilikuwa juu chini.

"Mbona huendi kula?"

"Nimefunga, madam."

Nikamwacha. Nilipofika ofisini nikamsimulia mwalimu wetu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, kama kumsifia kijana. Akaniuliza, "Leo Jumatano?" Kisha akauliza jina. Nilipomtajia akaweka kikombe chini, akaniangalia. Ndipo na mimi nikakumbuka kwamba kijana yule alipata kipaimara usharikani kwetu mwaka uliotangulia, mimi mwenyewe nikiwa kwenye benchi la tatu.

Basi kabla hujanunua hata kijiko, itisha kikao na uandike kwenye muhtasari kwamba mwanafunzi hatadaiwa chakula. Deni likiwapo atadaiwa mzazi, na atadaiwa na wazazi wenzake. Dirishani hakuna kadi, hakuna orodha, hakuna jina linaloitwa. Kila nitakachoeleza hapa chini kimejengwa juu ya sentensi hiyo moja, na mahali tulipoisahau ndipo tulipoharibu.

Hesabu, na wale ishirini na saba

Chakula chetu ni makande, siku tano kwa wiki, na hakuna haja ya kuomba radhi. Ni chakula cha nyumbani kwa watu wa huku, yanakaa tumboni, na msimu wa parachichi ukifika ni karamu.

Kiwango tunachotumia ni gramu 120 za mahindi na gramu 60 za maharage kwa kila mtoto, yakiwa makavu. Kwa watoto 214 inakuja karibu kilo 26 za mahindi na kilo 13 za maharage kwa siku. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Zidisha: kilo 5,044 za mahindi na kilo 2,522 za maharage. Kwa lugha ya sokoni, magunia 50 na magunia 25, yale ya kilo mia kwa haki.

Ukigawanya kwa watoto 214 utapata kilo 23 na nusu za mahindi kwa mtoto, na kilo 12 kasoro za maharage. Shule nyingi zinaishia hapo. Wanawatangazia wazazi kilo 24 na kilo 12, na ikifika Machi stoo ni tupu na lawama zinawaangukia wasioleta. Kumbe kosa ni la aliyepiga hesabu. Amegawanya kana kwamba wote 214 wataleta, na anajua fika hawataleta.

Sisi tuliweka kilo 27 za mahindi na kilo 13 na nusu za maharage. Kwa kiwango hicho wakileta wazazi 187, shule nzima inakula mwaka mzima. Wanabaki watoto 27 ambao nyumbani kwao hatutegemei punje. Hao wamo ndani ya hesabu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo akikosa kuleta hakuna anayeshtuka.

Jambo hili usilifiche. Tulilisema mkutanoni, ubaoni, kwa tarakimu. Baba mmoja mwenye duka la vipuri akasimama: "Kwa hiyo mimi nimlishe mtoto wa jirani?" Ukimya. Akajibu mgumu mmoja aliyekaa nyuma, hata hakusimama: "Aprili na Mei mlimani hakuna wageni, mzee. Miezi hiyo utanilishia. Agosti nitaleta arobaini." Agosti alikuja na mkokoteni. Mzani ulisoma 41.

Sasa juu ya mzani. Neno debe lisiingie kwenye muhtasari wako kabisa. Kuna debe la kufuta, kuna debe la kilele, kuna debe lililobondwa kitako, na kuna debe la shangazi ambalo ni ndoo ya rangi. Tulipoteza mwaka mzima kwenye ubishi huo. Nunua mzani wa kuning'iniza, ufunge kwenye mti wa mwarobaini karibu na stoo, na mzazi asome mwenyewe kabla wewe hujasoma. Ugomvi wote ukaishia hapo.

Pamoja na nafaka kuna pesa ya wapishi, chumvi, mafuta, vitunguu na nishati. Sisi ni shilingi 12,000 kwa muhula, yaani 24,000 kwa mwaka. Wakilipa 187 inafika 4,488,000. Wapishi wawili wanachukua 130,000 kila mmoja kwa mwezi, miezi kumi, 2,600,000. Inayobaki ndiyo ya kupikia, na inabana, sitakudanganya.

Mambo ya waraka

Hapa nitakwenda haraka kwa sababu kila wilaya ina utaratibu wake kidogo. Ada ya shule za kutwa, ile 20,000, iliondolewa kuanzia Januari 2016. Mzazi akisikia elimu bila malipo anaamini na chakula kimo. Kimo kwa wa bweni. Kwa wa kutwa chakula ni jukumu la mzazi, na ni lazima umweleze hivyo kwa upole, zaidi ya mara moja. Tena Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni baada ya watoto kuzuiwa masomo kwa sababu ya pesa, na tangu hapo mwalimu anayeshika hela ya mzazi anacheza na moto.

Kwa hiyo mkutano uitishwe na bodi ya shule, wazazi wakubaliane wenyewe, wasaini, na muhtasari upande kwa afisa elimu kata mpaka kwa mkurugenzi. Pesa zikusanywe na kamati ya wazazi na ziingie benki. Mimi nashika mzani na funguo. Hela ya chakula sijawahi kuishika, na usingizi naupata.

Wale ishirini na saba ni akina nani

Swali hili ndilo litakalokusumbua kuliko yote. Njia rahisi ni kumwomba mtendaji wa kata orodha ya kaya za TASAF, ule mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Iombe, itakusaidia kuanza, lakini usiishie hapo. Karibu nusu ya watoto wetu walioshindwa hawakuwamo. Yupo ambaye mama yake aliugua mwezi wa pili, wakati orodha iliandikwa mwaka juzi. Yupo ambaye baba anaonekana ana pikipiki, kumbe pikipiki ni ya tajiri na jioni anapeleka hesabu. Walimu wa darasa wanajua. Wapishi wanajua zaidi, kwa sababu wanaona nani anakula kwa haraka ya namna gani Jumatatu.

Orodha yetu wanaijua watu watatu tu: mkuu, mwenyekiti wa kamati na mimi. Haiandikwi kwenye kompyuta ya ofisi. Kwenye ubao wa matangazo tunabandika jumla ya kilo zilizoingia na jumla iliyotoka, ya shule nzima, basi. Kamati ya mwaka wa pili ilitaka tubandike majina ya waliomaliza "kuwapa moyo wengine." Nikawauliza, asiyekuwamo kwenye waliomaliza atakuwa nani? Wakaliacha.

Wazazi wengi walioshindwa hawapendi bure. Bibi mmoja wa Njoro alinifuata akasema anataka kuja kufagia jikoni. Tungekubali, kila mwenye kufagia angejulikana ni nani. Tukafanya hivi: Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ni siku ya kuchambua maharage na kupepeta mahindi, na wanaoitwa ni wazazi wa darasa fulani kwa zamu, wote, aliyeleta na asiyeleta. Yule baba wa vipuri alikuja na miwani yake ya kusomea, akachambua maharage punje kwa punje kama anakagua boliti. Bibi alikuwa pembeni yake anamharakisha.

Kijana mmoja wa kujitolea kutoka Marekani alikaa nasi muhula mmoja akifundisha Hesabu. Alisoma sekondari ndogo ya zile wanazoziita charter, nadhani tungesema shule za mkataba: haitozi ada, inaendeshwa kwa fedha za umma, lakini ina bodi yake na mkataba wake, na ikishindwa kutimiza mkataba inaweza kufungwa. Jimbo la Minnesota ndilo lilianza kuzitungia sheria, 1991. Wengi shuleni kwake walikuwa watoto wa wasio nacho, kama wetu. Nikamuuliza walikulaje. Akasema kwao kuna mpango wa taifa wa chakula cha mchana tangu 1946, mwenye nacho analipa, asiye nacho halipi, na sheria inakataza mtoto asiyelipa kutambulishwa kwa foleni yake au tiketi yake. Kisha sheria ya 2010 ikaruhusu shule yenye watoto wengi wa hali ya chini iwalishe wote bure bila kumjazisha mtu fomu. "Kwa hiyo na nyie mlikuwa na kadi za kijani," nikamwambia. Akacheka, akasema bibi yake aliwahi kuwa na tiketi ya rangi yake. Nilifarijika, si kwa wema lakini. Nilifarijika kwamba ujinga wetu haukuwa wa peke yetu.

Kununua na kuhifadhi

Fuata kalenda ya shamba, achana na ya serikali. Huku kwetu mvua za masika zinaanza Machi, na mahindi ya tambarare yanavunwa Julai na Agosti. Hata mwenye kihamba juu mlimani, kwenye migomba na kahawa, shamba lake la mahindi mara nyingi liko huku chini. Agosti ndio mwezi wa kupokea. Ukisubiri Januari, mzazi ameshauza au ameshakula, na bei ya soko imepanda. Mwaka mmoja tulinunua Machi kwa bei iliyokaribia mara mbili ya ile ya Agosti, na tukashukuru kupata. Agosti pia wageni wako mlimani, kwa hiyo wagumu wana pesa. Ukimdai mgumu mwezi wa tano unamwonea.

Kidato cha kwanza ndio mtihani, maana wanaingia Januari. Hao tunawapokea nusu kwa mafungu muhula wa kwanza, nusu Agosti. Pengo linazibwa na akiba ya mwaka uliopita, kwa kuwa kidato cha nne wanamaliza mitihani Novemba na sehemu yao inabaki. Akiba hiyo ipo kila mwaka. Usiitangaze.

Wazazi wanaolipa fedha badala ya nafaka, kamati inawanunulia sokoni. Hapo ndipo nilipopigwa. Mfanyabiashara mmoja alituuzia magunia kumi, akayafungua juu, mahindi makavu yanalia kama kokoto. Wiki mbili baadaye stoo ilikuwa inanuka uvundo. Katikati ya magunia alikuwa ameweka mabichi. Tangu siku hiyo naenda na vitu vitatu: bambo la kuchotea nafaka ndani ya gunia, chupa ya maji ya plastiki iliyokauka, na chumvi.

Bambo unalichoma katikati ya gunia, ubavuni, na chini karibu na kitako. Wauzaji hawalipendi, mwache anune. Mahindi uliyoyatoa yatie kwenye chupa mpaka yafike kama theluthi, ongeza kijiko kikubwa cha chumvi kavu kabisa, funga, tikisa dakika moja, kisha laza chupa pembeni robo saa huku mnazungumza bei. Ukiinua chupa, chumvi ikiwa imeganda kwenye kuta, mahindi yana maji, yaache. Ikiporomoka yote chini safi, ni makavu ya kuweka. Chumvi iwe imekaushwa juani au kwenye sufuria asubuhi, la sivyo utamsingizia mtu.

Usifikiri nina wasiwasi wa kupindukia. Mahindi yenye unyevu ndiyo yanayoota ukungu wa sumukuvu, na 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo Dodoma na Manyara, mikoa ambayo mahindi yake tunayala huku kila siku. Moto wa jikoni hauiondoi. Dawa ni kukausha, na kwenye kuchambua kutupa kila punje iliyobadilika rangi, iliyosinyaa au yenye ukungu. Kutupa, si kumpa kuku.

Stoo iwe na chaga za mbao, magunia yasikae sakafuni wala yasiegemee ukuta, uweze kupita nyuma yake na tochi. Mahindi ya kukaa zaidi ya miezi mitatu tunayatia kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, maana mdudu dumuzi akiingia kwenye gunia la kawaida Septemba, Februari unapika unga. Mfuko ukitobolewa na panya hata tundu moja, kazi yake imekwisha. Kufuli ziwe mbili na funguo zikae kwa watu wawili tofauti. Ndiyo maana nilishangaa mkuu aliponisukumia zote mbili. Moja nikampa mwenyekiti wa kamati siku hiyo hiyo. Kila asubuhi kiranja wa chakula anashuhudia mzani na kusaini leja. Watoto wa kidato cha tatu ni wakaguzi wakali kuliko yeyote anayetoka manispaa.

Jikoni

Mpishi wetu mkuu ni mama wa Pasua, na mengi ya sehemu hii ni yake.

Saa kumi na moja jioni anaosha mahindi na maharage, kila kimoja peke yake, maji matatu, anavilowekea usiku kucha. Asubuhi maji hayo yanamwagwa. Saa kumi na mbili na nusu moto unawaka na mahindi yanaanza. Maharage yanaingia saa mbili na nusu, yakichemka kwa nguvu kwanza kabla ya kupunguza moto. Tuna sufuria mbili za lita mia, na mzigo wa siku unagawanywa sawa sawa: kilo 13 za mahindi na sita na nusu za maharage kila moja, zisijae zaidi ya robo tatu kwa sababu makande yanafura. Chumvi, ile yenye madini joto, inaingia mwishoni maharage yakishalainika. Vitunguu, nyanya na karoti vinakaangwa pembeni kwa mafuta na kumiminwa juu saa sita kasoro. Kengele ya chakula ni saa sita na dakika arobaini.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa magadi. Yeye amepika kwa magadi tangu utoto, yanalainisha maharage upesi na kuokoa kuni. Mimi nikamwambia yanaharibu vitamini. "Mwalimu," akasema, "wewe fundisha, mimi nipike." Tukakubaliana kwamba kikilowekwa usiku kucha magadi hayahitajiki, na kweli muda wa moto ulipungua sana. Ikabaki Jumatatu, maana Jumapili hakuna wa kuloweka. Kila Jumatatu makande yalikuwa na rangi ya njano na ladha ninayoijua. Nilinyamaza wiki sita, kisha nikamwomba mlinzi aloweke Jumapili jioni kwa malipo ya bakuli mbili za Jumatatu. Magadi yakaisha bila mtu kushindwa.

Kuhusu nishati: serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na 214 ni zaidi ya 100. Tulitoka kwenye mafiga tukaenda kwenye jiko banifu, na sasa tunatumia mkaa mbadala wa makaa ya mawe ule wa STAMICO, shirika la madini la taifa. Gesi tuliijaribu. Kwa wali ingefaa. Kwa mahindi yasiyokobolewa mtungi uliisha kabla mwezi haujafika katikati, na kamati ikanitazama kama nimeinywa. Mahindi ya kukoboa yangeiva upesi, lakini unalipa mashine na unapungukiwa uzito, kwa hiyo piga hesabu yako. Lolote utakalochagua, jiko liwe na dohani na upande mmoja wazi. Wapishi wana mapafu.

Dirishani

Mabakuli yote ni ya shule, 220, plastiki, rangi moja ya bluu. Zamani kila mtoto alileta chake, na ilikuwa rahisi kuona nani ana bakuli la udongo lenye maua na nani ana kopo la kimbo lililokatwa. Hili sikulifikiria mimi. Aliniambia binti wa kidato cha pili, huku anaosha kopo hilo.

Kata ya kupakulia iwe moja, ya ujazo mmoja, kila mtu kata moja iliyojaa. Kidato cha kwanza mbele, kidato cha nne mwisho. Wapishi wasijue nani ni mtoto wa nani, jambo ambalo Pasua haliwezekani, kwa hiyo angalau kata isibadilike. Walimu wanakula chakula hicho hicho, wanachangia, na wanapanga foleni. Yule mwenye chipsi zake za kuagiza akazilie mbali. Tulilisema kikaoni na akanuna wiki nzima.

Wiki za kwanza bila kadi, foleni ilirefuka kwa watu kama themanini. Mkuu akaja dirishani na daftari, akaanza kuhesabu, akanong'ona kwamba stoo itaisha. Nikamwonyesha leja: kilo 26, kilo 13, sawa na hesabu. Wale themanini walikuwamo kwenye hesabu tangu mwanzo, ila hawakuwa wanakuja. Kijana wa Jiografia alikuwa wa nne kutoka mwisho. Alipokea, akashukuru, akala amesimama.

Limebaki moja, na usilidharau: ukoko. Makande yakishikana chini ya sufuria yanapata ule ukoko mtamu wenye moshi kidogo, na shule nzima itapigana kwa ajili yake. Tuliwahi kuvunja viti viwili. Andika zamu ukutani kwa rangi ya mafuta, isifutike: Jumatatu kidato cha kwanza, Jumanne cha pili, Jumatano cha tatu, Alhamisi cha nne. Ijumaa ni ya wapishi, na mwalimu anayeutaka aende akawaombe.